Kikundi cha maigizo baada ya onyesho la mwisho

Ndugu, umeuliza kwa nini wanachama wa kikundi chenu cha ridhaa hapo Dar es Salaam wameanza kutoweka mara tu tamthilia ilipokwisha. Nionavyo mimi, watu waliozoea kukutana kila jioni kwa mazoezi hujikuta ghafla hawana sababu ya kuonana, hasa pale kazi ya kubomoa jukwaa inapoachiwa wachache. Waiteni wote, waigizaji wakuu wakiwemo, wafungashe mandhari ya jukwaani, wafue na kurudisha maleba (mavazi ya kuigizia) yaliyoazimwa, kisha wasomewe mapato na matumizi yote bila kufichwa, kwa sababu fedha isiyoelezwa huumiza kikundi kuliko hata ugomvi wa kugombea nafasi za kuigiza. Wiki ileile anzeni kusoma tamthilia nyingine kwa sauti, mkibadilishana wahusika, ili hata aliyekuwa akishughulikia taa asikike. Hili nalisisitiza sana. Mkichagua iliyochapishwa, ombeni idhini mapema, maana nchini Tanzania hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na warithi huenda wakachelewa kujibu.