Vijitabu vya Kwanza vya Michezo ya Kuigiza Wahusika Vinasomwa kwa Dadu Mkononi

Msomaji mmoja ameniandikia akilalamika kwamba alinunua nakala ya kidijiti ya Dungeons & Dragons ya mwaka 1974, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake huku mwamuzi akiongoza kisa, akasoma kijitabu cha kwanza hadi katikati, kisha akakiacha kwa sababu hakuelewa wachezaji wanapaswa kufanya nini wakishaketi mezani. Anauliza kama tatizo ni lake au ni la waandishi. Swali hilo limenigusa. Nilipotaja katika kikundi cha wachezaji wenzangu kwamba ninasoma matoleo ya mwanzo, mtu anayeheshimiwa sana pale alisema mbele ya wote kuwa ninapoteza muda kwa makaratasi yaliyokwisha kufa, na wengine wakacheka. Sikumjibu. Mwezi uliopita nilichezesha mchezo kwa kanuni hizohizo, na baadhi ya waliocheka ndio walioomba turudie juma lililofuata. Nalisema hili kwa fahari, na sioni sababu ya kuificha.

Jibu langu kwa msomaji ni kwamba vijitabu vile havikuandikwa kwa ajili yake wala kwa ajili yangu. Gary Gygax na Dave Arneson, waandishi wake, walivitoa kupitia kampuni ndogo ya TSR katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, vitatu ndani ya kisanduku kimoja kwa dola 10, na toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000. Waliowakusudia ni watu waliokuwa tayari wakicheza michezo ya vita kwa sanamu ndogo na wakiijua Chainmail, kanuni zilizotolewa mwaka 1971. Ni kama daftari la fundi ambalo wanafunzi wake wanalielewa kwa kuwa walishinda naye karakanani. Ndiyo maana mwendo wa mhusika hupimwa kwa inchi, na safari za nyikani zinahitaji ubao wa Outdoor Survival, mchezo wa kampuni nyingine kabisa. Ndiyo maana pia wachezaji wanatajwa kuwa kati ya 4 na 50, mwamuzi mmoja akiwatosha takriban 20, jambo linaloonekana kama wazimu mpaka ukumbuke kwamba lilitoka katika vikundi vikubwa vya watu waliozoea kupigana vita vya mezani.

Kwa hiyo usisome kama unavyosoma riwaya. Weka dadu na karatasi mezani, uunde mhusika wakati huohuo unaosoma. Rusha madadu matatu ya pande sita mara sita, uandike sifa sita za mhusika, kama nguvu na akili, kwa mpangilio uleule zilivyotoka bila kuchagua, kisha rusha tena uzidishe kwa 10 upate fedha za kununulia vifaa. Mpeleke akapambane. Mpiganaji anayeanza anahitaji 10 au zaidi kwenye dadu la pande 20 ili kumpiga asiye na kinga, na 17 kumpiga aliyevaa deraya kamili na kushika ngao. Kisu na shoka kubwa vinaumiza sawasawa, kwa dadu moja la pande sita. Mchawi anayeanza ana uganga mmoja tu na uhai mchache mno. Mimi niliwazika wahusika wengi pale mezani peke yangu, na hapo ndipo kurasa zilipoanza kusema.

Ukishaona jinsi vita vinavyoua, rudi kwenye kanuni ya kupanda ngazi, yaani jinsi mhusika anavyozidi kupata uwezo. Kila sarafu ya dhahabu inayoletwa kutoka mahandakini ni pointi moja ya uzoefu, na kiumbe aliyeuawa huleta pointi 100 kwa kila ngazi yake. Kijitabu chenyewe kinatoa mfano wa zimwi la ngazi ya 7 lenye sarafu 7,000: kuliua ni pointi 700, na hazina yake ni 7,000. Greyhawk, kijitabu cha nyongeza cha mwaka 1975, kilipunguza sana thamani ya kuua, na pia kikazipa silaha madhara tofauti. Wachezaji wangu walipoelewa kwamba hazina inalipa kuliko kuua waliacha kuvamia milango, wakaanza kuhonga, kupatana na kunyemelea, na jedwali la mwitikio wa viumbe, linaloamua kwa dadu kama kiumbe atashambulia au atasikiliza, na ambalo wengi hulipita haraka, likawa ukurasa uliotumika kuliko yote. Gharama za kujenga ngome na vita vya majini niliziruka bila majuto.

Rusha madadu hata kwa vitabu vya wengine. Ken St. Andre wa Phoenix, Arizona, hakuridhishwa na kanuni za 1974, akaandika Tunnels & Trolls mwaka uliofuata kwa madadu ya kawaida ya pande sita. Watu huicheka Traveller ya Marc Miller, mchezo wa safari za anga za juu wa mwaka 1977, kwa kuwa mhusika anaweza kufa kabla mchezo haujaanza. Lakini ukimpitisha mtu mmoja katika utumishi wa jeshini au kwingineko, ambao ndio unaomuunda mhusika, ukipima kila miaka minne kati ya ujuzi zaidi na kaburi, utaona kwamba huo nao ni mchezo kamili.

Ndugu zangu, tumezoea kutafuniwa. Kanuni za 1974 hazisemi nani aanze kupiga katika pambano, nasi tunaita huo uzembe badala ya kuamua na kuandika uamuzi wetu pembeni mwa ukurasa. Mwishoni mwa kijitabu cha tatu waandishi wanamhimiza msomaji aamue mwenyewe mambo yanavyopaswa kuwa, na wanauliza kwa nini wao waendelee kufikiri kwa niaba yake. Aliyenicheka hakufika kwenye ukurasa huo.

Kwa msomaji aliyeniandikia: anza na toleo la mchezo wako huohuo la mwaka 1977, lililoandaliwa na J. Eric Holmes, daktari wa mishipa ya fahamu, ambalo lina kurasa 48 na linaishia ngazi ya 3. Kisha rudi kwa vijitabu vitatu ulivyonunua, ufuatishe Greyhawk, na kitabu kinene cha waamuzi cha mwaka 1979 ukiache mpaka uwe umechezesha.