Kwa mpwa wangu anayetaka kuzamia na glovu

Marahaba, mjomba. Ile sauti yako ya dakika nne nimeisikiliza mara mbili, kwanza nikiwa kwenye basi, halafu nikiwa nimekaa. Unauliza mambo mawili. Moja, kama ni kweli mabondia wa Cuba wanaotoroka timu yao wakifika huku Miami wanaogelea kwenye dola. Pili, timu yenu ikibahatika kusafiri nje kwa mashindano na wewe "ukasahau kurudi", nitakupokea? La pili nitalijibu mwisho. La kwanza nitakujibu kwa kumtumia mtu wako mwenyewe, bondia Mcuba Guillermo Rigondeaux, maana klipu zake umenitumia mpaka simu yangu imejaa.

Ile klipu ya Aprili 2013 pale ukumbi wa Radio City, New York, hata mimi hainiishi hamu. Nonito Donaire alikuwa ametoka kutajwa bondia bora wa mwaka 2012 na waandishi wa ngumi wa Marekani, na Rigondeaux akamfanya apige hewa usiku mzima. Raundi ya kumi Mcuba akaenda chini, akainuka, akamaliza, majaji wote watatu wakampa. Mikanda miwili ya ubingwa wa dunia, ya vyama vya WBA na WBO, na hilo lilikuwa pambano lake la 12 tu katika ngumi za kulipwa. Klipu yako inaishia hapo.

Baada ya hapo promota wake mwenyewe, Bob Arum, alilalamika hadharani kwamba mtindo wa mtu wake hauuziki. Anagusa na kuondoka, anagusa na kuondoka, mtazamaji aliyelipia anataka damu. Mwaka 2015 Rigondeaux alipanda ulingoni mara moja. Mwaka 2016 mara moja, tena ikabidi aende Cardiff, Wales. Bondia hana mshahara, mjomba. Siku asiyopigana halipwi, na kodi ya nyumba haijui kama uliwahi kumpiga Donaire. Desemba 2017 akakubali kupanda madaraja mawili ya uzito, kutoka pauni 122 hadi 130, akutane na Vasyl Lomachenko New York. Baada ya raundi ya sita akabaki kwenye kiti, akasema mkono umeumia. Huko ndiko kupoteza kwake kwa kwanza katika ngumi za kulipwa, akiwa na miaka 37.

Sasa rudi nyuma, maana wewe unaona alivyofika tu. Huyu ni mtu wa Santiago de Cuba, dhahabu ya Olimpiki Sydney 2000, dhahabu tena Athens 2004, yote kwenye ngumi za ridhaa, kwa sababu Cuba ilishapiga marufuku michezo ya kulipwa tangu miaka ya sitini mwanzoni. Julai 2007 wako Rio de Janeiro kwenye michezo ya Pan American, yeye na Erislandy Lara wakapotea kambini. Polisi wa Brazil wakawakamata siku chache baadaye, wakarudishwa Havana. Fidel Castro akaandika kwamba hao hawatavaa tena jezi ya Cuba. Hakufungwa, alizuiwa tu kupigana. Mpishi aliyekatazwa kuwasha jiko. Mwaka 2009 akapanda boti usiku hadi Mexico, mke na watoto akawaacha nyuma, na Mei mwaka huohuo akacheza pambano lake la kwanza la kulipwa hapahapa Miami.

Hapa ndipo nataka usikilize vizuri, kwa sababu hakuna anayewaambia huko nyumbani. Mcuba wa wakati ule akikanyaga tu ardhi ya Marekani alikuwa na mlango wake peke yake. Kuna sheria ya mwaka 1966 inayowaruhusu Wacuba kuomba makazi ya kudumu wakishakaa mwaka mmoja, na kulikuwa na utaratibu wa kutowarudisha waliofika nchi kavu, uliokuja kufutwa Januari 2017. Kwa hiyo Rigondeaux alipovuka alikuwa anakwenda kwenye makaratasi, hakuwa anayakimbia. Mtanzania akitoroka timu anabaki na viza inayokwisha na kocha anayehojiwa uwanja wa ndege kwa sababu yake. Jina la nchi ni tofauti, basi na mlango ni tofauti.

Na hata wao wenye mlango, njoo uwaone. Mimi unajua nabeba boksi, kwenye ghala moja huku Hialeah, mji wa Wacuba jirani na Miami ambao ukiongea Kiingereza dukani unaulizwa umetoka wapi. Zamu yangu ya usiku kuna Mcuba mmoja, kijana, huko kwao alikuwa bingwa wa mkoa. Asubuhi tukitoka tunanunua kahawa kwenye kidirisha, kikombe kidogo kama cha kahawa ya baraza ila sukari imezidi, halafu mimi naenda kulala yeye anaenda jimu. Utani wangu kwake ni kwamba mimi nabeba boksi na yeye anacheza boksi, nikimfasiria haelewi kinachochekesha. Kila Jumapili humpigia mama yake simu ya video. Anakaa vizuri, anavaa fulana safi, na mkono wa kulia anautia chini ya meza. Vifundo vya vidole vimevimba kama tangawizi. Mama akiuliza kazi gani, anasema ofisi.

Amecheza mapambano matatu ya kulipwa, ya raundi nne nne. Niliowaona mimi hapa hulipwa dola 200 hivi kwa raundi wakiwa wanaanza. Piga hesabu, ni 800. Kocha anachukua kumi kwa mia. Meneja, kama umesaini naye, anaweza kuchukua hadi theluthi. Hapo bado kipimo cha macho, kipimo cha damu, picha ya kichwa, leseni ya jimbo. Halafu promota anakukabidhi rundo la tiketi uuze mwenyewe. Kijana wa Kimexico ana binamu mia watanunua. Huyu wangu alininunulisha mimi mbili, na ya pili nilimpa mlinzi wa ghala. Mwenye watu ndiye anayewekwa kona nzuri na kuletewa mpinzani wa kumwangusha, asiye na watu ndiye anayeletwa aangushwe, anapigiwa simu Jumanne apigane Jumamosi. Rigondeaux na dhahabu zake mbili tatizo lake lilikuwa hilihili, ila kwa ukubwa mwingine: ukumbi haukujaa kwa ajili yake.

Unajua lililomkuta 2022? Februari alipigana Dubai akapoteza kwa Mfilipino Vincent Astrolabio. Wiki chache baadaye yuko nyumbani kwake Miami anapika, sufuria ya presha ikalipuka, ikamuunguza uso na macho, habari zikatoka kwamba sehemu kubwa ya uwezo wa kuona imepotea. Alikuwa na miaka 41. Mwaka uliofuata akarudi ulingoni. Watu wakamsifu kwa moyo wake. Mimi nilijiuliza tu, mtu aliyepona macho anarudi kupigwa usoni kwa sababu ya moyo, au kwa sababu ya bili?

Na kichekesho cha yote, Aprili ya mwaka huohuo wa 2022 Cuba yenyewe ikatangaza kwamba mabondia wake wataruhusiwa kupigana kwa kulipwa bila kuihama nchi. Mei wakapanda ulingoni Aguascalientes, Mexico, akina Julio César La Cruz, Arlen López na Roniel Iglesias, mabingwa wa Olimpiki, wakarudi zao nyumbani na bendera yao. Wapo ambao bado wanaondoka, Andy Cruz aliondoka, leo anapigana huku. Simlaumu. Lakini yule wa boti ya 2009 angesubiriaje miaka kumi na mitatu?

Utaniambia Wacuba ni Wacuba, sisi ni sisi. Basi muulize kocha wako akusimulie habari za Robert Wangila wa Kenya. Dhahabu ya Olimpiki, Seoul 1988, Wacuba wenyewe hawakuhudhuria kwa sababu walisusia. Akaja Marekani na makaratasi yake sawa, hakumtoroka mtu. Julai 1994 alifariki Las Vegas kutokana na majeraha ya pambano. Sikutishi. Ngumi ni kazi ya namna hiyo hata ukiwa na viza.

Kuhusu mimi mwenyewe, kwa kuwa umesema "mjomba umetoboa". Bibi yako alipofariki makaratasi yangu yalikuwa mezani kwa wakili, ningetoka nisingeingia tena. Wewe ndiye uliyeshika simu makaburini, mkono ukitetemeka, nikaona miguu ya watu zaidi kuliko kaburi. Nilikuwa chooni kazini, nimefunga mlango, msimamizi anagonga. Hamkujua kwa sababu sikuwaambia. Wiki ile ile nilituma picha nimeegemea gari jekundu, mkaipenda wote.

Sasa swali lako la pili. Godoro lipo, wali upo, nitakupokea siku yoyote utakayopita mlango wako mwenyewe. Timu ikisafiri, safiri nayo na urudi nayo. Ukirudi, pasi yako inabaki safi, na safari ya pili ubalozi unaona mtu aliyetimiza ahadi. Kuna viza ya wanamichezo huku, wanaiita P-1, lakini inataka ushahidi kwamba unajulikana nje ya nchi yako, na mtu wa huku anayekuombea. Ushahidi huo unatengenezwa huko kwanza. Hassan Mwakinyo alimwangusha Sam Eggington raundi ya pili Birmingham mwaka 2018, akapanda ndege akarudi, na dunia ikamjua hivyohivyo akiwa na anwani ya Tanga.

Kwa hiyo acha kunitumia klipu. Nitumie orodha ya mapambano yako yote ya ridhaa, tarehe, mpinzani, matokeo, hata uliyopigwa, usifiche. Nitumie barua ya kocha na kurasa za pasi zenye mihuri. Kuna mtu hapa jimu anajua kuzisoma, nitamwonyesha.

Na mwambie mama yako lile gari jekundu si langu. Ni la msimamizi.