Maswali ya wasomaji: Taifodi isiyoisha, mapunye yanayorudi

Shikamoo daktari. Naanika dagaa Katonga, Kigoma. Tangu mwaka jana tumbo linanisokota na haja kubwa inatoka na ute na damu kidogo. Nimepimwa damu mara tatu, kila mara naambiwa taifodi. Safari moja nilipewa vidonge viwili vya kichocho, nikapata nafuu, kisha ikarudi. Nina kilo 62. Je, ni sugu?

Marahaba, mama. Kabla ya kuuita sugu, tuhesabu vidonge. Prazikwanteli, yaani dawa ya kichocho, hupimwa miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Kwa kilo 62 ni kama miligramu 2,480, na kidonge kimoja kina 600. Ulistahili vinne kwa siku moja, ukapewa viwili. Kama ni kichocho, minyoo iliyosalia iliendelea kutaga.

Lakini safari hii anza na kipimo, kwani ute na damu huletwa pia na amiba na bakteria wa kuhara damu. Kile kipimo cha taifodi cha kidoleni au cha Widal hutafuta kingamwili (askari wa mwili dhidi ya vijidudu), nazo hubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha. Kutibiwa mara tatu kwa karatasi hiyo peke yake ni kubahatisha.

Omba haja kubwa ipimwe kwa njia ya Kato-Katz. Kipimo cha kawaida cha tone juu ya kioo huangalia miligramu 2 hivi za choo, kwa hiyo mayai machache hupita bila kuonekana. Kwa Kato-Katz, mtaalamu hukamua choo kwenye wavu, hujaza tundu la kibao linalobeba miligramu 41.7, hufunika kwa selofani iliyolowekwa glisarini yenye rangi ya kijani, kisha huhesabu mayai na kuzidisha kwa 24 kupata idadi kwa gramu. Yai la kichocho cha tumbo halifichiki: refu, na mwiba umechomoza ubavuni. Peleka choo cha siku tatu tofauti, maana mayai hayatoki sawasawa kila siku. (Mnaokojoa damu, yai lenu lina mwiba mwishoni, na mkojo unaofaa ni wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana.)

Mayai yakionekana, kula kwanza, kisha meza vidonge na maji bila kutafuna. Uchungu wake hutapisha. Kizunguzungu na tumbo kuuma kwa saa chache ni kawaida, ila siku hiyo usipande mtumbwi. Kama una kifafa au ujauzito, mwambie mtabibu kabla ya kumeza. Dawa hii haiui minyoo michanga iliyoingia wiki chache zilizopita, kwa hiyo rudi upimwe baada ya wiki sita hivi. Mayai yakiwapo, rudia dozi nzima.

Dagaa wenyewe hawana kosa. Kichocho hupenya ngozi ya anayeingia kwenye maji yenye konokono wake. Maji ya kuoga yakikaa saa 48 kwenye pipa lililofunikwa, lisilo na konokono, vijidudu hivyo hufa.

Mwanangu ana miaka saba, kilo 20. Mapunye yamemla kichwa. Nimemaliza tyubu nne za klotrimazoli na kumnyoa kila wiki. Mama wa Tabora mjini.

Tyubu ya tano haitasaidia. Fangasi wa mapunye amekaa ndani ya unywele na kwenye shina lake, mahali ambapo krimu haifiki. Dawa ni ya kumeza: griseofulvini, miligramu 15 hadi 20 kwa kilo. Kwa huyu ni 300 hadi 400 kwa siku, kwa wiki sita hadi nane, hata kama nywele zimeanza kuota wiki ya tatu. Wengi huachia hapo hapo, na yanarudi. Mpe pamoja na chakula chenye mafuta, kwa mfano mboga ya karanga, mawese au maziwa, la sivyo dawa nyingi haifyonzwi. Shampuu ya ketokonazoli mara mbili kwa wiki hupunguza kuambukiza wenzake, yenyewe haiponyi. Kabla ya kuanza, maabara ikiweza, ikwangue magamba na vishina vilivyokatika pembeni ya kidonda, si katikati. Wembe na kitana viwe vyake peke yake.

Pakivimba na kutoka usaha, msipasue. Ni mwili unapambana na fangasi huyo huyo. Mpelekeni kituo cha afya.

Choa pajani: krimu ya "tatu kwa moja" ilikausha mara moja, sasa imesambaa hadi kiunoni. Kijana, Ujiji.

Soma boksi: ukiona betamethasoni, hiyo ni steroidi. Inazima muwasho na wekundu huku fangasi akipanuka. Acha, tumia klotrimazoli tupu asilimia 1 mara mbili kwa siku, ukipaka sentimita 2 nje ya ukingo, na uendelee wiki mbili baada ya ngozi kuwa safi. Muwasho utaongezeka siku za mwanzo. Kwa kuwa imeenea hivyo, huenda ukahitaji pia vidonge vya kuandikiwa na daktari.