Priampu ya Marekani, umeme wa Bongo

SWALI: Mambo fundi, braza kanitumia priampu (ile ya kupokea muziki na kurekebisha sauti) na pawa amplifaya (ile ya kusukuma spika) toka Marekani, vyote vya bei mbaya, nyuma pameandikwa 120V. Naogopa kuchomeka. Na naanza kuwasha ipi? (Msomaji, Sinza)

JIBU: Poa ndugu, na umefanya la maana kuogopa, maana umeme wetu ni volti 230 na ukichomeka hivyo hivyo utanusa moshi. Cheki kama nyuma au ndani kuna swichi ya kubadili volti, ikikosekana tafuta transfoma ya kushusha, yenye wati zaidi ya zinazoliwa na vifaa vyote, na pawa ndiyo inakula sana. Ila transfoma haibadilishi hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde), kule ni 60 huku 50, priampu nyingi hazijali lakini pleya ya santuri ya kizamani yenye mota ya AC itazunguka taratibu mpaka mwimbaji aonekane kalewa.

Waya unganisha vikiwa vimezimwa, out ya priampu iende in ya pawa, spika zinakaa kwenye pawa tu. Ukisikia mvumo usikate ile pini ya ethi (ya kupeleka umeme uliovuja ardhini), hata fundi akikwambia, hiyo ndiyo inakulinda na shoti.

Kuwasha: priampu kwanza, volumu chini, subiri kidogo, pawa mwisho. Kuzima, pawa kwanza. Umeme ukikatika zima pawa fasta, la sivyo ukirudi vinawaka kwa pamoja na huo mshindo unaweza kuua spika.