Bahasha ya namba ya siri

Kwa miezi mitano nilisoma meseji za binti yangu usiku kwa usiku, na ndani ya miezi hiyohiyo mwanamume asiyemjua alikuwa akimtishia. Sikuona hata neno moja.

Alikuwa kidato cha pili, ana miaka 15. Tulimpa simu kwa ajili ya kundi la WhatsApp la tuisheni, kwa sababu shuleni simu haziruhusiwi na mwalimu wa hesabu alikuwa akituma maswali jioni. Namba yake ya siri nilimwona akiibonyeza mara mbili mezani, nikaishika. Saa nane usiku, nyumba ikiwa imelala, nachomoa simu kwenye chaja, naingia nayo chooni, napunguza mwanga wa skrini, nasoma. Nilijiambia huko ndiko kulea.

Tiki mbili za bluu ndizo zilizonichoma. Rafiki yake alimtumia ujumbe usiku, nikaufungua mimi. Kesho yake shuleni yule rafiki akamuuliza: mbona ulisoma saa nane ukaninyamazia? Binti yangu hakuniuliza kitu. Hakununa, wala hakubadilisha namba ya siri. Mazungumzo yake ya maana aliyahamishia Instagram, kwenye akaunti niliyokuwa siijui, WhatsApp akaniachia hesabu na salamu za asubuhi. Nikaona mtoto ametulia, nikamshukuru Mungu.

Huko Instagram kulikuwa na mtu aliyejitambulisha kuwa anatafuta wasichana wa kutangaza nguo. Alianza na sifa, akaomba picha za kawaida, akapewa mbili za gauni la kanisani. Kisha akaomba za aina nyingine. Binti yangu alipokataa, yule mtu akamwambia ataupachika uso wake kwenye mwili wa mtu mwingine na kuisambaza hiyo picha shuleni kwao. Jina la shule alishalisoma kwenye sweta ya sare, katika picha ya zamani. Wiki tatu mtoto anaacha nusu ya chakula. Nilidhani ni malaria, nikampeleka kupima.

Aliyeambiwa ni mamdogo wake. Nilipomuuliza binti yangu mbona hakuja kwangu, alikuwa anakunjakunja pindo la kanga yake, akajibu bila kuniangalia: "Mama, nilijua unasoma simu yangu. Nikadhani na hii umeshaiona. Nikawa nasubiri useme."

Jibu hilo sijalimaliza mpaka leo. Mzazi anayesoma kwa kificho hawezi kuuliza, kwa kuwa akiuliza tu amejitaja. Mtoto naye anajua anaonwa, anaona kimya, anaamini kwamba mkubwa amekubali yaendelee. Kwa hiyo simu ya mtoto isimamie, tena uisimamie kwelikweli, lakini yeye ajue unachoangalia na lini unaangalia.

Wapo watakaoniambia mtoto hana siri mbele ya mzazi, na simu umenunua wewe. Mimi nikiwa msichana nilikuwa na barua chini ya godoro. Mama aliiona siku ya kutandika. Hakuifungua. Jioni tukichambua mchele akaniuliza, "Nani anakuandikia?" Nikamwambia yote kabla mchele haujaisha.

Yakikukuta kama yaliyotukuta sisi, usikimbilie kufuta. Tulipiga skrinshoti zinazoonyesha jina la akaunti na tarehe, tukaitolea taarifa hukohuko Instagram, tukamzuia, tukaenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ni simu ya msaada kwa watoto, hulipii kitu, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Nakuomba sana jambo moja: ikiwa kuna picha ya mtoto ya aibu, usiirushe kwenye kundi la ukoo eti mpate ushauri. Kusambaza picha za ngono za mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na huyo mtoto atakaa meza moja na hao wajomba sikukuu zote zijazo.

Sasa nyumbani kwetu saa tatu usiku simu zote zinalala sebuleni, ya kwangu na ya baba yao zikiwemo. Ya baba ndiyo iliyotaka mazungumzo marefu. Kwenye simu ya binti tumeweka Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, tena tuliiweka pamoja, yeye akiwa ameishika simu. Inanionyesha programu anazotumia na muda anaokaa humo, lakini meseji hainionyeshi, na hilo ndilo nililotaka. Zile programu za kunakili meseji za mtu kwa siri sizitaki kabisa, maana maneno ya mwanangu yanakwenda kwa watu nisiowajua. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho changu cha NIDA. Tulipiga *106# pamoja, akaona kwa macho yake namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho hicho, akaelewa kwamba lolote likitoka kwenye laini ile, wa kwanza kuulizwa ni mimi. Mdogo wake wa darasa la sita hana simu bado. Anatumia yangu, nikiwa nimekaa pembeni.

Maongezi yake na marafiki ni yake. Wanateta walimu humo, nadhani na mimi nimo. Lakini tulikubaliana nikiona dalili za hatari, kwa mfano mtu mzima anaomba picha, au binti anatishwa, au anaongea habari za kujidhuru, nitafungua simu, na nitamwambia kabla sijafungua.

Namba yake ya siri aliiandika kwenye karatasi, akaitia kwenye bahasha, akaigundisha na kutia sahihi juu ya mkunjo. Inakaa kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Akibadilisha namba, analeta bahasha mpya. Mimi nikiifungua, sahihi itachanika naye ataona. Nimeishika mara moja tu, jioni aliyochelewa tuisheni mvua ikinyesha na simu yake haipokelewi. Nilikaa nayo mapajani kitandani mpaka niliposikia geti, saa mbili kasoro dakika kumi, nikairudisha.