Ukichora msitu, acha dubu kwanza

Wanaoanza kuchora mandhari huniuliza swali lile lile: majani yote haya nitayamaliza lini? Nami niliwahi kukwama hapo. Wiki mbili nzima nilidonoa jani moja moja kwa brashi nyembamba, nikaishia na ukuta wa kijani usiopitisha hata hewa.

Kilichonitoa huko ni picha moja ya Kirusi, "Asubuhi katika Msitu wa Misonobari", kazi ya Ivan Shishkin ya mwaka 1889. Iko katika jumba la sanaa la Tretyakov, Moscow, na ina upana wa sentimita 213 kwa kimo cha 139. Wengi wetu tutaiona kwenye simu tu, kwa hiyo ikuze, uipitie kipande kwa kipande.

Usianze na dubu. Kila mtu huanza nao, na Warusi wengi wameizoea picha hiyo kwa jina la "Dubu Watatu" ilhali wako wanne: mama na watoto wake watatu. Tena hakuwachora Shishkin. Waliongezwa na mwenzake Konstantin Savitsky, akatia na sahihi yake. Pavel Tretyakov, mkusanyaji wa sanaa aliyeanzisha jumba lile, alipoinunua picha, sahihi hiyo ikafutwa. (Mimi naona Savitsky alionewa.)

Tazama ule msonobari uliong'oka. Hapo mbele Shishkin hakubakiza kitu: nyufa za gome, mizizi iliyochanika, mbao mbichi yenye wekundu pale shina lilipovunjika. Sasa peleka jicho nyuma. Safu ya pili ya miti bado ina maumbo lakini magome yameanza kupotea. Nyuma yake kuna vivuli vya buluu na kijivu vilivyozama ukunguni, basi. Kule hakuna jani hata moja lililochorwa, na bado ungeapa umeona msitu mzima. Jua lenyewe halionekani. Limegusa miti ya juu na ukungu, chini baridi haijaondoka.

Kwa hiyo, kabla hujagusa mti wowote, changanya rangi tatu za ukungu, ya mbali iwe nyepesi kuliko zote. Paka kutoka nyuma kuja mbele kwa brashi pana. Kijani cha kwenye tyubu usikiache kama kilivyo. Kitie wekundu kidogo kitulie. Brashi nyembamba ifiche mpaka siku ya mwisho.

Jambo jingine ni vilele. Mwanafunzi hubana mti mzima ndani ya fremu, ukawa mfupi kama mche wa kitaluni. Shishkin aliacha fremu ikate. Angalia "Msitu wa Milingoti" wa 1898, misonobari iliyonyooka ya kufaa milingoti ya meli, kama ile ya kwao Yelabuga kando ya mto Kama. Vilele hutoka nje ya picha, na urefu unaumalizia mwenyewe kichwani. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa ya mwisho. Mwaka huo huo alifariki akiwa mbele ya kazi nyingine aliyoianza.

Mkono huo haukuja kwa bahati. Tangu akisoma Chuo cha Sanaa cha St Petersburg alikuwa akienda kisiwa cha Valaam kuchora miti na mawe papo hapo. Hata picha za kamera hakuzionea haya, aliwahimiza wanafunzi wazitumie kujifunza. Ila kwanza alikuwa ameshaujua mti: msonobari wake huwezi kuuita mwaloni hata ukitazama kipande cha gome peke yake. Anayenakili picha ya kamera bila ujuzi huo hunakili na makosa ya lenzi.

Wiki yako ya kwanza, basi, rangi zikae sandukuni. Chukua penseli, tafuta kisiki kimoja, keti nacho saa mbili. Halafu niletee karatasi, nami nitatazama kwanza mahali ulipoamua kutochora.