Kabla ya kuhesabu maikroplastiki baharini, semeni mnahesabu nini

Watu huniuliza: bahari ipi imechafuka zaidi kwa maikroplastiki? Nami huwauliza: waliopima walitumia wavu wa matundu gani? Wengi hudhani nakwepa. Baada ya miaka ya kuchuja maji na kuinamia hadubini, najua kwamba takwimu za maabara mbili mara nyingi haziwezi hata kukaa kwenye jedwali moja.

Tatizo huanzia kwenye ukubwa. Tumezoea kuita maikroplastiki kipande kisichofika milimita 5. Mpaka huo wa juu hauna ugomvi mkubwa. Wa chini kila mtu anajiwekea wake. Wavu wa manta, unaokokotwa juu ya maji, kwa kawaida una matundu ya mikromita (elfu moja ya milimita) 330 hivi, na nyuzi nyingi za nguo hupenya. Mwenzako akichota maji kwa chupa na kuyapitisha kwenye kichujio cha mikromita chache, atapata vipande vingi mno kuliko wewe kwa kila mita ya ujazo, na bahari ni ileile. Kwa hiyo usiandike idadi bila ukubwa. Pima vipande, vigawe kwa makundi, ili mwenye wavu tofauti aweze kuweka kando vidogo na kulinganisha vilivyobaki.

Vizio navyo ni vurugu: huyu anahesabu kwa kilomita ya mraba, yule kwa mita ya ujazo. Ukifunga kipima mtiririko mdomoni mwa wavu na kuandika mdomo ulizama kina gani, unaweza kugeuza kizio kimoja kuwa kingine. Usipofanya hivyo, hakuna atakayekusaidia baadaye. Andika pia upepo na mawimbi, maana upepo mkali huzamisha plastiki nyepesi chini ya usawa wa wavu, na bahari ikaonekana safi kumbe siyo. Wanaoanza huwa nawapa miongozo ya Wizara ya Mazingira ya Japani ya mwaka 2019, inayohusu uso wa bahari. Ile ya GESAMP, kundi la wataalamu wa mazingira ya bahari chini ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka huohuo ni pana zaidi, inagusa fukwe, mashapo (mchanga na tope la chini ya maji) na viumbe.

Kwenye mashapo, plastiki hutenganishwa na mchanga kwa kuielesha kwenye maji mazito ya chumvi. Maji ya chumvi ya kawaida iliyokolea hufikia takriban gramu 1.2 kwa sentimita ya ujazo. Polietilini na polipropilini zitaelea. PET (ya chupa za maji) na PVC (ya mabomba), zenye karibu gramu 1.4, zitabaki chini na mchanga. Zinki kloridi ingezielesha, lakini ni sumu kwa viumbe wa majini na taka zake zinasumbua. Binafsi sioni kosa kutumia chumvi ya kawaida. Kosa ni kuitumia, kisha ukaandika kwamba umepata plastiki zote.

Nikiletewa ripoti, kitu cha kwanza ninachotafuta ni sampuli tupu. Hewa ya maabara imejaa nyuzi: za mashati yetu, za viti, za pazia. Chukua maji yaliyochujwa, yapitishe hatua zilezile zote, kisha uhesabu kilichoingia. Vaeni makoti ya pamba ya rangi inayojitambulisha, kama chungwa, ili uzi wake ukionekana kwenye kichujio ujue umetoka wapi. (Wageni watacheka. Waacheni.) Fanya pia jaribio la upande wa pili: tia vipande unavyojua idadi yake, uone unarudishiwa vingapi. Ripoti isiyo na majaribio haya mawili huwa naiweka pembeni, hata kama ina michoro mizuri.

Macho peke yake yasiaminiwe, hasa kwa vipande vidogo. Spektroskopia, yaani kutambua aina ya plastiki kwa mwanga, ndiyo huthibitisha: ya infraredi kwa hadubini hutambua vipande hadi mikromita 10 au 20, na ya Raman, inayotumia leza, hushuka hadi karibu 1. Huna mashine? Peleka sehemu ya vipande kwa aliye nayo, na useme ni asilimia ngapi vilithibitishwa.

Mwaka 2023 kilitoka kiwango cha ISO 24187, cha shirika la kimataifa la viwango, ambacho kinaweka kanuni za jumla za uchambuzi. Kisome, ila usikisubiri kikuamulie wavu. Na vichujio ulivyokwisha kuvihesabu usivitupe: vifunike, viandike tarehe na mahali, uviweke kabatini, ili mwenye kifaa bora kuliko chako aweze kuvipima upya.